Nia ya Kufungua Kiganja: Kisa cha Fundi wa Nyavu Aliyepatwa na Kiharusi

Usuli

Mgonjwa anayezungumziwa hapa ni mwanamume wa miaka hamsini na kitu, fundi wa nyavu katika mojawapo ya fuo za Ghuba ya Winam, upande wa Kisumu. Jina lake, ufuo anakoishi na tarehe zote vimeondolewa, na mambo machache yasiyogusa tiba yamebadilishwa, kwa ridhaa yake na ya familia yake. Kazi yake tumeiacha kama ilivyo, kwa sababu asiyeijua hawezi kuelewa maamuzi tuliyofanya. Fundi wa nyavu huziba pale ambapo wavu umechanwa na mawe, magugu maji au kiboko. Mkono mmoja hushika sindano yenye uzi wa nailoni, na mwingine hutandaza matundu ya wavu, huyabana, kisha huyaachilia ili kuhamia tundu linalofuata. Mchana kutwa ni kubana na kuachilia.

Alikuwa na shinikizo la damu kwa miaka kadhaa, na dawa alikuwa akizimeza pale tu kichwa kilipomuuma, jambo tunalolikuta kwa wagonjwa wengi mno. Kiharusi kilimpata alfajiri. Siti skani ilionyesha kwamba mshipa wa damu ulikuwa umeziba upande wa kushoto wa ubongo, na kwa kuwa nyuzi nyingi za neva zinazoendesha misuli huvuka kwenda upande wa pili katika sehemu ya chini ya shina la ubongo, mkono na mguu vilivyopooza vilikuwa vya kulia. Mguu ulirudi vizuri kiasi kwamba alianza kutembea kwa mkongojo. Usemi ulibaki mzito kidogo, ingawa maelekezo ya Kiswahili na ya Kidholuo aliyaelewa bila shida. Kilichobaki nyuma ni mkono.

Alifika kliniki kwetu miezi saba baada ya kiharusi, akisindikizwa na binti yake. Vidole vilikuwa vimejikunja ndani ya kiganja. Aliweza kuinua bega, kukunja kiwiko na kukaza ngumi, lakini alipoambiwa afungue kiganja hakuna kilichoonekana kusogea, na kadiri alivyojitahidi ndivyo ngumi ilivyozidi kujifunga. Katika kipimo cha Ashworth kilichoboreshwa, kinachotumika tangu 1987 kupima ukakamavu wa misuli kuanzia 0 hadi 4, misuli ya kukunja vidole ilipata 2: vidole vilikataa, lakini vilifunguka tulipovinyoosha polepole. Nyumbani walikuwa wameshazoea kuuita mkono uliokufa. Binti yake alituuliza, “Daktari, huu mkono wa baba bado unamsikia?”

Swali hilo ndilo lililoongoza kazi yote iliyofuata. Kama amri ya ubongo bado inafika kwenye misuli ya kunyoosha vidole, hata kwa udhaifu, kuna kitu cha kufundishwa. Kama haifiki, ni haki ya mgonjwa kuambiwa hivyo mapema na kuelekezwa kwenye mbinu za kuishi na mkono mmoja, badala ya kuendelea kulipa nauli ya matatu kwa matumaini yasiyo na msingi.

Kutafuta ishara

Amri ya neva inapofika kwenye msuli, nyuzi za msuli huo hutoa umeme mdogo muda mfupi kabla ya kuvuta. Umeme huo unaweza kunaswa juu ya ngozi kwa elektrodi, yaani vibandiko vidogo vyenye nyaya vinavyoupeleka kwenye mashine. Ukubwa wake ni wa mikrovolti kadhaa hadi milivolti chache, na sehemu kubwa ya nguvu yake iko kati ya hezi 20 na hezi 450 hivi. Thamani yake kwa aliyepatwa na kiharusi ni kwamba unaweza kuwepo hata pale ambapo nguvu ya msuli haitoshi kusogeza kidole, au pale ambapo msuli pinzani unaishinda nguvu hiyo. Jicho la mtaalamu huona mwendo peke yake, na kidole chake kikiwekwa juu ya kigasha huenda kikahisi mtetemo asioweza kuwa na hakika nao. Elektrodi hupima kitu kilichotangulia mwendo.

Siku ya kwanza ya kupima haikufanyika, kwa sababu shinikizo lake la damu lilisomeka juu kuliko kiwango tunachoruhusu kuanza mazoezi, naye akarudishwa kwa daktari wake kurekebishiwa dawa. Aliporudi, tulinyoa sehemu mbili za kigasha, tukaisafisha ngozi kwa spiriti, tukabandika jozi moja ya elektrodi juu ya misuli ya kunyoosha vidole, nyuma ya kigasha, na jozi nyingine juu ya misuli ya kukunja, upande wa mbele. Katika kila jozi umbali ulikuwa milimita 20 kutoka kitovu hadi kitovu, kwa kufuata mwelekeo wa nyuzi za msuli. Elektrodi ya marejeleo tuliiweka juu ya mfupa wa kiwiko, mahali pasipo na msuli. Alipoona nyaya aliuliza kama stima hiyo haitamuua. “Hapana, mzee,” nilimwambia. “Leo tunasikiliza tu. Umeme unatoka kwako kuja kwa mashine.” Nilimweleza pia, mbele ya binti yake, kwamba mashine haisomi mawazo, kwa kuwa walikuwa wamesikia hivyo kwa watu. Inachosoma ni kile ambacho msuli umeamriwa.

Tatizo la kwanza lilikuwa kelele. Stima ya Kenya huja kwa hezi 50, na masafa hayo yamo ndani kabisa ya ishara tunayoitafuta. Upo mchujo wa kuyakata, lakini huondoa pia sehemu ya ishara yenyewe, na ishara ya mtu huyu ilikuwa ndogo tayari. Tuliamua kupunguza kelele kwenye chanzo chake: kompyuta ilichomolewa kwenye chaja ikatumia betri, nyaya za elektrodi zikasokotwa pamoja, na feni ikazimwa. Kuchomoa chaja ni suala la usalama vilevile, maana mtu aliyefungwa nyaya za kupimia hapaswi kuunganishwa na stima ya ukutani kupitia kifaa kisicho na kinga ya kitabibu. Kuzima feni katika joto la alasiri la Kisumu, hata hivyo, kulileta jasho, na jasho likalegeza gundi ya elektrodi. Vipindi vikahamishiwa asubuhi mapema. Ni jambo dogo, lakini nadhani liliokoa vipimo vingi kuliko mchujo wowote wa kompyuta.

Alipoambiwa afungue kiganja, mstari wa misuli ya kunyoosha kwenye skrini uliinuka. Haukuinuka sana, lakini uliinuka kila alipoambiwa, na ulitulia alipoambiwa apumzike. Mara tu baada yake mstari wa misuli ya kukunja uliinuka pia, juu zaidi, na kuufunika. Hiyo ndiyo sababu ngumi ilizidi kujifunga: amri ya kufungua ilikuwa inafika, kisha misuli pinzani inakaza pamoja nayo na kuishinda. Kukaza pamoja kwa namna hii ni kawaida baada ya kiharusi, kwa sababu njia kuu ya neva kutoka gamba la ubongo ikiumia, njia nyingine zinazoshuka kutoka shina la ubongo hubeba kazi ambayo hazikuumbiwa kuifanya kwa ustadi, na kwa vidole huelekea zaidi kwenye kukunja.

Hatukumpa binti jibu siku hiyo. Misuli ya kigasha imebanana, na elektrodi iliyo juu ya msuli mmoja hunasa pia umeme wa jirani yake. Huenda tulichokiona upande wa kunyoosha kilikuwa mwangwi tu wa upande wa kukunja. Kwa hiyo tulimwomba akaze ngumi peke yake: mstari wa kukunja ulipanda mno, na ule wa kunyoosha ukapanda kidogo sana. Alipojaribu kufungua, uwiano ulibadilika wazi, na upande wa kunyoosha ndio ulioanza. Tulipima pia mambo mawili ambayo hupotosha watu. Tulivinyoosha vidole vyake kwa haraka akiwa ametulia, na misuli ya kukunja ikajibu yenyewe bila nia yoyote. Tukamwomba abane kitu kwa nguvu kwa mkono wake mzima, na mkono uliopooza ukakaza vilevile. Tangu hapo kila jaribio lilifanywa mkono wa kushoto ukiwa umelala juu ya paja, na hakuna aliyeruhusiwa kuvigusa vidole wakati wa kurekodi. Baada ya majaribio hayo ndipo nilipomwambia binti kwamba ndiyo, mkono unamsikia.

Maamuzi na sababu zake

Mhandisi wa vifaa tiba tuliyeshirikiana naye alileta mkanda wa kigasha wenye elektrodi nane, na mpango wa kwanza ulikuwa kuifundisha kompyuta kutambua nia tano: kufungua kiganja, kukaza ngumi, kubana kwa ncha za vidole, kuinua kifundo cha mkono na kukigeuza. Njia yenyewe ni ya muda mrefu na inaaminika. Ishara hukatwa vipande vya robo sekunde hivi, na kila kipande hupimwa sifa rahisi ambazo mtafiti Hudgins na wenzake walizieleza mwaka 1993 kwa ajili ya mikono ya bandia: wastani wa ukubwa, idadi ya mara ishara inapovuka sifuri, idadi ya mara mwinamo wake unapogeuka, na urefu wa wimbi. Kisha programu hujifunza ni mchanganyiko upi wa sifa unaoambatana na mwendo upi.

Katika kipindi kimoja matokeo yalivutia. Kipindi kilichofuata, programu ileile ilichanganya kubana na kukaza, na kuinua kifundo na kufungua kiganja. Sababu hazikuwa za ajabu. Mkanda ulikuwa umekaa milimita chache pembeni, ukakamavu ulikuwa mkubwa zaidi asubuhi ile kwa sababu hakulala vizuri, na alichoka haraka. Ubongo uliojeruhiwa hautoi mchoro uleule kila siku, na nia tano zilimtaka atoe michoro mitano iliyo tofauti kwa misuli ambayo yote ilikuwa ikikaza pamoja.

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kupunguza hadi hali tatu: kutulia, kufungua, kubana. Mhandisi aliona tunatupa uwezo wa kifaa, na hoja yake ilikuwa na uzito, kwa kuwa elektrodi nane hubeba habari nyingi kuliko hali tatu. Nilishikilia msimamo wangu kwa sababu ya kazi ya mgonjwa. Tayari alikuwa ameanza kujifunza kushika sindano kwa mkono wa kushoto. Alichokosa ni mkono wa kulia wa kubana wavu na kuuachilia. Mwendo wa nne na wa tano haukuwa na kazi ya kufanya ufuoni.

Uamuzi wa pili ulihusu namna ya kumsaidia kufungua. Tulichagua kuchochea misuli ya kunyoosha kwa umeme, ila kwa sharti kwamba kichocheo kisianze mpaka nia yake ya kufungua itambuliwe. Tuliuliza kwanza kama ana kifaa cha moyo au historia ya kifafa, na ngozi ilikaguliwa. Sababu ya sharti hilo ni kwamba vidole vikifunguka mara tu baada ya yeye mwenyewe kutaka vifunguke, ubongo hupokea hisia ya mwendo ikiwa imeambatana na amri iliyouzaa. Kichocheo kinachowaka kwa kufuata saa tu hufungua vidole hata mgonjwa akiwa anawaza mambo mengine. Ilibidi pia programu iache kusikiliza wakati kichocheo kinapiga, la sivyo ingechukua umeme wa kifaa kuwa nia ya mtu.

Uamuzi wa tatu, ambao nauona kuwa muhimu kuliko yote, ulikuwa kutotumia kizingiti cha upande wa kunyoosha peke yake. Kizingiti ni rahisi: ishara ikivuka kiwango fulani, kifaa kinawaka. Lakini kwa mtu huyu ishara hiyo ilivuka kiwango alipokohoa, alipopiga miayo na alipokaza ngumi kwa nguvu. Tulitumia uwiano wa pande mbili, na tukataka udumu kidogo kabla ya kifaa kuwaka. Kwa mikono ya bandia wataalamu huepuka ucheleweshaji unaozidi milisekunde 300 ili mtumiaji asihisi kifaa kinamfuata nyuma. Sisi tuliuzidi muda huo kwa kujua. Kifaa kinachochelewa humchosha mgonjwa, lakini kinachofungua kiganja wakati anataka kubana humfundisha kinyume.

Mazoezi

Wiki za mwanzo hatukumfundisha kufungua. Tulimfundisha kutulia. Skrini ilionyesha mstari mmoja tu, ule wa misuli ya kukunja, na kazi yake ilikuwa kuushusha na kuuacha chini. Mtu aliyepoteza mkono kwa miezi saba huja na nguvu zote za mwili wake. Hukunja uso, huinua bega, hushika pumzi, na kila nguvu anayoiongeza huingia kwenye misuli ya kukunja. Nilimwambia mara nyingi, “Mzee, usiufungue kwa nguvu. Anza kwa kuuachilia.” Binti yake ndiye aliyepata njia iliyomwingia, kwa kumkumbusha kwa Kidholuo namna anavyoulegeza uzi kabla ya kufungua fundo. Kuanzia hapo alijaribu kwa juhudi ndogo, na ishara ya kunyoosha, ingawa ilipungua kimo, ilionekana safi zaidi kwa sababu hapakuwa na kitu cha kuifunika. Programu iliitambua kwa urahisi zaidi.

Mahali pa elektrodi paliwekwa alama kwa kalamu ya wino usiofutika, na binti alizirudia alama hizo nyumbani zilipofifia. Programu ilifundishwa upya kwa dakika chache mwanzoni mwa kila kipindi. Kifaa kilikaa kliniki. Nyumbani alifanya mazoezi ya kushika na kuachilia vitu, kunyoosha vidole kwa upole, na kuvaa banzi la kiganja usiku.

Kisha tukakutana na jambo ambalo mpango wetu haukulitazamia. Juu ya meza, kigasha kikiwa kimelala, kifaa kilikosea mara chache. Siku aliyoleta kipande cha wavu kutoka nyumbani, akakaa chini kama anavyokaa kazini na kuunyoosha mkono mbele, kifaa kilianza kuwaka ovyo. Kuinua mkono dhidi ya uzito wake kuliamsha misuli ya kukunja vidole pamoja na bega na kiwiko, na misuli ilisogea chini ya ngozi mkono ulipogeuka, hivyo elektrodi hazikuwa tena juu ya sehemu zilezile. Uwiano tuliouamini ulikuwa uwiano wa mezani. Ilitubidi kurekodi upya tukianza na kiwiko kilichoegemezwa kwenye mto, kisha mkono ukiwa nusu hewani, kisha ukiwa juu ya wavu, na kuipa programu mifano ya hali zote tatu. Iliboreka, ingawa haikufikia usahihi wa mezani.

Matokeo

Baada ya miezi kadhaa ya vipindi ambavyo vilikatizwa na mvua na kwa kukosa nauli, aliweza kufungua kidole cha shahada na cha kati bila kichocheo, kwa kiasi cha kupitisha wavu. Akikunja kifundo kidogo kuelekea chini, vidole vingine navyo vililegea, kwa sababu kano za nyuma ya mkono huvutika. Ukakamavu wa vidole katika kipimo cha Ashworth ulishuka kutoka 2 hadi 1+, kiwango kilicho kati ya 1 na 2. Alama zake za kiganja katika kipimo cha Fugl-Meyer cha kupima jinsi mwendo unavyorudi baada ya kiharusi, kilichotolewa Uswidi mwaka 1975 na ambacho kwa mkono mzima kina jumla ya alama 66, ziliongezeka kidogo. Amerudi kukaa na nyavu, akishona kwa mkono wa kushoto na kubana kwa wa kulia, kwa mwendo wa polepole kuliko zamani. Dawa za shinikizo anazimeza kila siku.

Uchambuzi

Hatuwezi kusema kwamba kifaa ndicho kilicholeta maendeleo haya. Ni mtu mmoja, hakuna wa kulinganishwa naye, na alifanya mazoezi mengine sambamba. Ninachoweza kutetea ni kidogo kuliko hicho lakini kina manufaa. Kipimo cha umeme wa misuli kilibadilisha uamuzi wa tiba. Bila hicho, mkono usiosogea ungechukuliwa kuwa mkono usioamriwa, na mgonjwa angeambiwa aongeze juhudi, yaani aongeze kilekile kilichokuwa kinamfunga. Kwa kipimo hiki tulijua kwamba tatizo halikuwa kukosa amri bali kukosa utulivu, na mazoezi yakaelekezwa huko. Kliniki yenye kifaa cha jozi mbili tu za elektrodi ingeweza kufikia hitimisho hilo, kwa sharti kwamba itenge muda wa majaribio ya kuondoa mashaka niliyoyaeleza.

Kupunguza nia hadi tatu kulifaulu kwa sababu kulitokana na kazi halisi ya mtu. Kwa mgonjwa mwenye udhaifu mdogo zaidi, mwenye misuli inayojitenga vizuri, nia tano zingeweza kuwa sahihi, na ningemsikiliza mhandisi.

Kilichotugharimu muda ni kurekodi mezani kwa wiki nyingi kabla ya kuuona wavu. Usahihi uliopimwa mkono ukiwa umepumzika hauelezi chochote kuhusu mkono ulio kazini. Wagonjwa wanaokuja sasa tunawaomba walete chombo cha kazi yao tangu kipindi cha pili, iwe kisu cha samaki, jembe la mpini mfupi au kitambaa cha cherehani, na mifano ya kwanza inarekodiwa wakiwa katika mkao wa kazi hiyo.

Utegemezi wa kifaa cha kliniki haujatatuliwa. Kila wiki aliyokosa nauli, mazoezi yenye kichocheo yalisimama, na aliporudi ukakamavu ulikuwa umepanda.

Kidole gumba hakikufunguka. Misuli inayokinyoosha na kukitoa nje iko ndani, chini ya misuli ya kunyoosha vidole vingine, na elektrodi za juu ya ngozi hazikuweza kuitenganisha na majirani wake. Hatukupata ishara ya kuaminika ya kuanzishia kichocheo, na kuchochea bila nia tulikuwa tumekataa. Kwa sasa hukisogeza kwa mkono wa kushoto, huuingiza wavu kati yake na kidole cha shahada, kisha hubana.